Kutoka Sisibo hadi Jiji: Majina ya Mahali na Historia ya Eldoret

Utangulizi

Mgeni anayetoka katikati ya Eldoret akaelekea pande za Kiplombe, kaskazini-magharibi ya mji, hahitaji safari ndefu ili akutane na majina kama Huruma, Maili Nne, Kiambaa na Kiplombe lenyewe. Mawili ya kwanza ni ya Kiswahili, la tatu ni la Kigikuyu na la nne ni la Kikalenjin. Mji wenyewe una jina la Kimaasai lililovishwa kiambishi cha Kinandi, na kaunti inayouzunguka, Uasin Gishu, inaitwa kwa jina la watu ambao walikwisha kuondoka kabla mji haujajengwa. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kutafuta data yake Lamu, Mombasa au Unguja huweza kudhani kwamba nyanda hizi za juu hazina la kumfundisha. Makala haya yanakusudia kumwonyesha kinyume.

Hoja yetu ni kwamba majina ya mahali ya Eldoret ni kumbukumbu ya historia na jiografia yake, ila kumbukumbu hiyo haisomeki vyema bila zana za isimu. Masimulizi ya barazani kuhusu asili ya majina ni matamu, na mengi yamekwisha kuingia vitabuni. Hata hivyo fonolojia na mofolojia nazo zina neno la kusema, na mara nyingine neno hilo huutilia shaka utamu wa simulizi. Isitoshe, jambo hili halikomei darasani. Katika Uasin Gishu, jina la shamba limewahi kuwa mojawapo ya mambo yaliyowafanya watu waulizane nani mwenyeji na nani mgeni, na swali hilo liligharimu maisha.

Ardhi na mawe yake

Eldoret iko kaskazini kidogo ya ikweta, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na kilomita zipatazo 310 kutoka Nairobi. Imekaa juu ya uwanda mpana wa Uasin Gishu. Upande wa mashariki uwanda huu hukatika ghafla kwenye magenge ya Elgeyo na kuporomoka hadi Bonde la Kerio. Kaskazini imesimama milima ya Cherangani; kaskazini-magharibi, siku isiyo na mawingu, huonekana Mlima Elgon, na ndiyo maana mtaa mmoja wa mji ukaitwa Elgon View; kusini-magharibi ni nchi ya Nandi. Upande wa kusini-mashariki ardhi hupanda hadi Timboroa, ambako reli ya Uganda hupita mahali palipo juu ya mita 2,700.

Chini ya nyasi, ngano na mahindi ya uwanda huu umelala mwamba wa volkeno uitwao fonolaiti, uliotiririka ukiwa moto mamilioni ya miaka iliyopita na kutandazika kama godoro. Mahali pengi udongo uliofunika mwamba huo ni mwembamba. Mto Sosiani, unaopita katikati ya mji na kupeleka maji yake hadi Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria, umeupasua mwamba huo, na kitanda chake kimejaa mawe. Jambo hili si dogo kwa mada yetu. Jina Eldoret kwa kawaida hufasiriwa kutokana na neno la Kimaasai *eldore*, yaani mto wenye mawe. Basi aliyelitaja jina hili kwanza hakuwa akimsifu mtu wala kudai milki. Alikuwa akieleza alichokiona alipowanywesha ng'ombe wake.

Lakini Wamaasai hawakusema *Eldoret*. Herufi ya mwisho ina historia yake. Nomino za Kikalenjin huwa na sura mbili, ya msingi na ya ubainishi, na sura hii ya pili mara nyingi huishia kwa viambishi kama -et na -it. Tazama Kapsabet, Kapseret na Cheptiret. Jina la mto lilipohamishiwa kwa mji mwaka 1912 liliongezwa *t* ili lilingane na mazoea ya masikio ya Wanandi. Kwa hiyo ndani ya neno moja la silabi tatu mna mzizi wa kabila moja na tamati ya kabila jingine, na anayeandika tamati hiyo kwenye hati rasmi ni afisa wa kikoloni. Sijui mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba neno linaweza kuwa na tabaka kama ardhi.

Jina la waliohama

Kabla ya Wanandi kuchungia mifugo yao kwenye uwanda huu, palikuwa na Wamaasai wa tawi la Uasin Gishu. Jina lao lina sehemu mbili, ya pili ikiwa ni *kishu*, ng'ombe, na ya kwanza ikieleza mabaka au milia ya ng'ombe hao. Vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19 viliwavunja na kuwatawanya. Waliosalia wakaingia katika matawi mengine au wakakimbilia kwa majirani. Wanandi wakatwaa malisho. Kabla ya hao wote walikuwapo watu ambao masimulizi ya Kikalenjin huwaita Wasirikwa. Hao wameacha mashimo mapana ya mviringo, mengine yakiwa yamejengewa kuta za mawe, ambayo wanaakiolojia wameyatambua kuwa mazizi ya ng'ombe. Wasirikwa tunawajua kwa jina walilopewa na waliowafuata. Wao wenyewe walijiitaje, ardhi haisemi.

Hapa panahitaji kutuliwa kidogo. Ramani za Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuandika uwanda huu kwa jina la Uasin Gishu, jina la watu waliokwisha kutawanyika. Msomaji wa ramani hiyo akiwa London angeweza kuamini kwamba nchi ilikuwa tupu, kwa kuwa wenye jina hawapo. Wanandi waliokuwa wakichunga pale hawakuandikwa. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitoa pendekezo lililokuja kuhusishwa na uwanda huu: Wayahudi waliokuwa wakiteswa katika Urusi wapewe makao huku. Mpango huo ulijulikana kama Mpango wa Uganda, ingawa eneo lenyewe lilikuwa limekwisha kuhamishiwa Afrika Mashariki ya Uingereza mwaka 1902. Wajumbe watatu walitumwa kuukagua uwanda, na mwaka 1905 Kongamano la Saba la Wazayuni lililokutana Basel, Uswisi, likaukataa mpango. Mwaka huohuo, Oktoba 19, kiongozi wa Wanandi Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliodaiwa kuwa wa kutafuta amani, na upinzani wa Wanandi uliokuwa umedumu kwa takriban miaka kumi ukavunjwa. Nchi iliyosemekana kuwa tupu ilihitaji vita ili iwe tupu.

Sisibo

Waliofuata ni Makaburu. Neno *kaburu* lenyewe ni ushahidi wa mkutano huo: limetokana na neno *Boer*, mkulima, likavishwa umbo la Kiswahili na kupewa wingi wa ngeli ya *ma-*. Familia chache zilitangulia, kisha mwaka 1908 Jan van Rensburg akaongoza msafara wa watu wapatao 250 kutoka Afrika Kusini. Walishuka Mombasa kwa meli, wakapanda treni hadi Nakuru, na kutoka hapo wakaingia porini kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakipanda matope ya Timboroa hadi wakafika Sergoit Oktoba mwaka huo. Kusanyiko la kanisa lao waliliita Vergenoeg, maana yake "mbali kiasi cha kutosha". Aliyewahi kupanda Timboroa wakati wa masika ataelewa.

Serikali iliyagawa mashamba kwa namba. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba namba 64, na mji ukaanza kuchipuka kuizunguka. Walowezi wakapaita kwa namba hiyo ya Kiingereza, "sixty-four", na wenyeji wakapaita Sisibo. Katika masimulizi ya mji huelezwa kwamba shamba hilo lilichaguliwa kwa sababu udongo wake ulikuwa duni na halingefaa kwa kilimo. Ukikumbuka tuliyosema juu ya mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, simulizi hili si la kupuuzwa. Husimuliwa pia kwamba sefu ya benki ya kwanza iliposhushwa kutoka kwenye gari la maksai ilikuwa nzito mno hata ikashindikana kusogezwa, ikabidi benki ijengwe kuizunguka pale ilipoangukia. Hili nalipokea kama hadithi nzuri.

Tulichunguze jina Sisibo kwa makini. Kiingereza kina nguzo za konsonanti zinazofuatana, *kst*, katika neno la kwanza, na konsonanti *f* mwanzoni mwa neno la pili. Mswahili akikopa neno lenye mfuatano wa konsonanti mara nyingi huingiza irabu katikati; ndivyo tulivyopata *kilabu* na *burashi*. Angelikopa neno hili tungetarajia kitu kama *sikisitifoo*. Tena Kiswahili kina *f* na kisingekuwa na sababu ya kuibadilisha. Aliyeunda Sisibo alifanya kinyume: aliziangusha konsonanti za ziada badala ya kuzipa irabu, na *f* akaigeuza kuwa *b*. Kikalenjin hakina *f*. Sauti iliyo karibu nayo ni *p*, na *p* ikikaa kati ya irabu mbili hulegea na kusikika kama *b*. Linganisha majina ya watu Kiprono na Kibiwott. Kiambishi ni kilekile, Kip-, ila katika jina la pili kinafuatwa na irabu. Kwa hiyo hata tusingekuwa na simulizi lolote, umbo la Sisibo peke yake lingetuambia kwamba waliolichonga walikuwa wasemaji wa Kikalenjin, yaani watu walewale ambao ramani haikuwaona.

Kuna maelezo mengine yanayodai kwamba 64 ni idadi ya maili kutoka kituo cha reli kilichokuwa karibu wakati huo. Tunayatilia shaka. Majina yaliyotokana na umbali katika eneo hili hulitaja neno lenyewe la kipimo, kama Maili Nne. Katika Sisibo hamna maili. Ni kweli kwamba hoja hii haifungi mjadala, kwa kuwa walowezi wangeweza kulikata neno hilo katika mazungumzo ya kila siku; lakini namba ya shamba inatosheleza, wala haihitaji dhana ya ziada.

Jambo hili si la Kenya pekee. Katika Slovakia, chini ya milima ya Tatra, kuna mji mdogo uitwao Kežmarok. Wajerumani waliokuja kukaa huko katika Enzi za Kati waliuita Käsmarkt, soko la jibini. Wahungari waliotawala wakasema Késmárk. Waslovakia wakalikunja neno hilohilo kulingana na sauti zao, na leo jina hilo katika Kislovakia halina maana yoyote ila kuwa jina. Asiyejua Kijerumani hawezi kuisikia jibini ndani yake, kama vile kijana wa Eldoret asivyoisikia namba ndani ya Sisibo. Tofauti ni kwamba Kežmarok limebaki kwenye ramani, ilhali Sisibo limebaki katika vinywa vya wazee.

Reli, maili na Kiswahili

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea magharibi hadi kuingia Uganda. Pamoja na reli walikuja mafundi na wafanyabiashara Wahindi, vibarua kutoka Magharibi na Nyanza, makarani na askari. Hawa wote hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili. Tabaka la majina ya Kiswahili halikuja na kabila lililotwaa ardhi. Lilikuja na watu waliohitaji kuelekezana njia. Maili Nne ni kipimo tu cha mwendo kutoka mjini kwenye barabara inayokwenda Turbo na Webuye. Kenya ilikwisha kuhamia kilomita miaka mingi iliyopita, lakini maili ile haijahama. Mbele yake, kwenye barabara hiyohiyo, kuna Jua Kali.

Huenda hapa ndipo tunapopaswa kutofautiana na wale wanaokiona Kiswahili cha bara kuwa kivuli tu cha kile cha pwani. Majina haya hayakutungwa na washairi, ni kweli. Yalitungwa na wapita njia, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuyadai kuwa ya babu yake.

Kiplombe na Kiambaa

Tuje sasa kwenye majina mawili tuliyoanza nayo. Kwa macho, Kiplombe na Kiambaa yanafanana mwanzo, na mwanafunzi aliyefundishwa ngeli anaweza kushawishika kuiona *ki-* ya *kiti* katika yote mawili. Atakuwa amekosea mara moja na kupatia mara moja. Katika Kiplombe kiambishi ni Kip-, si ki-. Ni cha Kikalenjin, lugha ya Kinailoti, na hukutana nacho vilevile katika Kipkaren na Kipkenyo, sambamba na Kap- ya Kapsoya na Chep- ya Chepkoilel. Mipaka ya silabi inathibitisha: msemaji wa Kiswahili hujikwaa kwenye *pl* na wengine husema *Kipulombe*, wakiingiza irabu kama walivyofanya katika *kilabu*. Kiambaa, kwa upande mwingine, ni jina la Kigikuyu, lugha ya Kibantu. Mwanzo wake unafanana na *kia* ya majina kama Kiamwangi, ambayo ni ndugu wa *cha* yetu. Basi majina mawili yanayokaa karibu na kuanza kwa herufi zilezile hayana uhusiano wowote wa nasaba.

Kiambaa la Eldoret limehamishwa kutoka Kiambaa la Kiambu. Baada ya uhuru mwaka 1963 walowezi wengi waliuza mashamba yao na kuondoka. Serikali iliandaa mipango ya makazi, na vyama vya ushirika pamoja na kampuni za kununua ardhi zikanunua mashamba makubwa na kuwagawia wanachama. Wanachama waliotoka Mkoa wa Kati walifanya alilofanya kila mhamiaji tangu zamani: waliyaita makao mapya kwa majina ya walikotoka au ya kujitakia heri. Ndivyo yalivyopatikana pia Yamumbi na Munyaka. Kaburu aliyeita kusanyiko lake Vergenoeg hakufanya tofauti. Lakini Kaburu aliondoka na jina lake likaondoka naye, na hata daraja la mlowezi Hoey, kaskazini mwa kaunti, likaitwa Moi's Bridge. Waliobaki na majina yao waliulizwa maswali ambayo Hoey hakuulizwa.

Miongoni mwa malalamiko yaliyosikika katika Uasin Gishu tangu vurugu za miaka ya 1990 ni kwamba mashamba yaliyonunuliwa yalipewa majina ya Kati, kana kwamba nchi yenyewe imehamishwa. Mwenye shamba alijibu kwamba alilipa fedha na ana hati. Mmoja alisoma jina kama kumbukumbu ya nyumbani, mwingine akalisoma kama bendera. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipofika Eldoret, wakazi wa Kiambaa walikimbilia kanisani. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa hilo lilichomwa moto likiwa na watu ndani, na makumi ya watu wakafa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Sisemi kwamba jina ndilo lililowasha kiberiti. Siasa, ardhi na uchaguzi uliobishaniwa vina sehemu yao kubwa, na wanahistoria wameviandika. Nasema tu kwamba mwanaisimu akifundisha majina ya mahali ya Eldoret huku akiruka Kiambaa, atakuwa amefundisha nusu.

Tena yapo mambo ambayo lugha yenyewe ingeweza kuyaeleza pande zote mbili, kama kungekuwa na wa kuuliza. Jina Eldoret, ambalo kila mmoja hulitetea kama lake, si la Kigikuyu, wala mzizi wake si wa Kinandi. Jina la kaunti ni la watu waliofukuzwa. Hakuna tabaka hata moja katika ardhi hii lililoandikwa juu ya karatasi safi.

Jiji na vibao vyake

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 475,716 katika Eldoret. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliukabidhi mji hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Jiji hupenda vibao: vya barabara, vya mitaa, vya vituo vya matatu. Pande kama Kiplombe, ambako mahindi bado hukua karibu na nyumba za kupangisha, njia nyingi hujulikana kwa majina ya mdomoni tu: kwa mwenye duka, kwa mti uliokatwa zamani, kwa kinu cha posho. Kibao kinapopigwa msumari, jina moja huchaguliwa na mengine huanza kufa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na asiye na nauli ya kwenda pwani anaweza kuanzia hapo, akiwa na daftari na wazee watatu wa lugha tofauti. Swali la kwanza lisiwe "maana yake nini?", kwa sababu kila mtu atakutungia maana. Liwe "mlikuwa mkipaitaje kabla?" na amwache mzee alitamke jina mara tatu.

Wakati huohuo vijana hawasubiri kibao. Kwao mji ni Eldy. Wameitupa -et iliyoongezwa mwaka 1912, wakatupa na sehemu kubwa ya mzizi wenyewe, kisha wakatia mwishoni irabu waliyoisikia katika majina ya kubembeleza ya Kiingereza. Katika mawe yote ya mto wa Wamaasai, imebaki *d* moja tu.